Zakayo Wanjala, Aliyeinua Mkeka Kila Jumamosi

Na Kavata Masila, Mapokezi ya Maziwa

Tarehe 31 Desemba 2009, Bwana Zakayo Wanjala Makokha ataegesha pikapu ya chama mahali pake pa kawaida, kando ya ukuta wa stoo, na kukabidhi funguo. Hapo atakuwa amekaribia miaka ishirini ya utumishi katika Chama cha Ushirika cha Wafugaji cha Enkiteng, hapa Kitengela. Aliingia Februari 1990 akiwa dereva na anatoka akiwa dereva. Mara mbili kamati ilitaka kumpandisha awe msimamizi wa usafiri, na mara mbili alikataa, akisema hajawahi kuona meza yenye usukani.

Kamati imeniomba niandike kurasa chache za kumuaga, zichangamke, na zisimlize mtu. Nimefanya kazi naye ua mmoja tangu mwaka alioajiriwa, yeye upande wa magari, mimi dirishani napokea maziwa, kwa hiyo ninayo ya kusema. Kuchangamka nitajitahidi. Hilo la pili siahidi.

Wanjala alitoka Chwele, Bungoma, akimfuata binamu aliyemwambia kuna kazi Athi River. Kazi haikuwepo, na binamu naye alikuwa amehama. Akiwa njiani kutafuta nyingine, aliikuta pikapu yetu imezama katika lile tope jeusi la Kitengela ambalo kila mwenye gari analijua, na watu kumi wakiisukuma kila mmoja upande wake. Aliomba usukani, akawaambia wote wakae kando, akaitoa polepole bila kupiga kelele za injini. Mwenyekiti wetu, Mzee Parsaoti, alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakisukuma. Alimwajiri hapo hapo, na tope likiwa bado magotini. Wengine wanaita hiyo bahati. Wanjala anasema ni maombi ya mke wake, Nanjala, na sisi tunaomfahamu Nanjala hatubishi.

Kimaa alijifunza kwa moyo wote, ila kiliishia kwenye salamu. Salamu hizo alizigawa bila ubaguzi. Mimi ni Mkamba wa Machakos, lakini nimeamkiwa "Sopa" kila asubuhi kwa miaka yote hii. Mwanzoni nilimkumbusha kwamba mimi si Mmaasai. Baadaye nilichoka, nikawa naitikia "Ipa" na kuendelea kupima maziwa.

Siku hizo bodi ya pikapu ilikuwa bati tupu. Mitungi ya maziwa ilicheza ngoma kutoka Isinya hadi hapa, ikapondeka, vifuniko vikaruka, na maziwa yakafika dirishani kwangu yakiwa njiani kuelekea kuwa siagi. Ng'ombe ndio walioteseka zaidi. Kwato hazishiki kwenye bati, kwa hiyo mnyama aliteleza kila kona, na akianguka mchana, bati lenyewe limeshachomwa na jua la Kajiado, anaungua tumbo. Wanjala hakuweza kuvumilia. Alikuwa akisimamisha gari kila mara kumwinua ng'ombe wa watu, halafu anafika amechelewa na kugombezwa.

Mwaka 1992 alikuta kwa muuza vyuma chakavu wa Athi River kipande cha mkanda mnene wa mpira, wa zile mashine za kubebea mawe kiwandani. Alikileta hapa uani, akakikata kwa kisu na maji ya sabuni siku nzima, akafuata bodi ilivyo mpaka kwenye yale matuta ya magurudumu. Kilipoingia, kiliingia sawasawa. Kilihitaji wanaume wanne kukibeba. Yeye alikiita mkeka, nasi tukakiita mkeka, na tangu hapo mitungi ikatulia na ng'ombe wakasafiri wamesimama.

Hapo tukapata shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Wanachama wa njia ya Isinya walikuwa wakiamshwa na kelele za mitungi. Pikapu ilipoanza kupita kimya, watu waliendelea kulala, maziwa yakabaki malangoni, na barua ya malalamiko ikaja kwamba dereva anapita kwa siri. Wanjala alifunga kifuniko kimoja cha mtungi kwa waya nyuma ya gari, kipige kelele peke yake. Malalamiko yakaisha siku hiyo hiyo.

Kisha mkeka ukaibwa. Ilikuwa mwaka 1996. Aliegesha sokoni Noonkopir akaingia hotelini kunywa chai, na Wanjala hanywi chai kama mtu mwenye safari. Alipotoka, bodi ilikuwa bati tupu tena. Watu walibebaje kitu cha wanaume wanne, mchana, katikati ya soko, bila mtu kuona? Hakuna aliyetujibu mpaka leo. Wiki chache baadaye tulianza kuona ndara mpya za akala mjini, nene, zenye nyuzi za kitambaa katikati ya mpira, na Wanjala akautambua mkeka wake. Kwa miezi mingi alikuwa akiwatazama watu miguu kabla ya kuwatazama uso. Huko mnadani Kajiado alimfuata mzee mmoja kwa macho mpaka yule mzee akamuuliza kama anataka kununua akala au miguu yenyewe.

Mkeka wa pili ulipatikana kwa shida, tena katika vipande viwili vya kuunganishwa katikati. Huu Wanjala aliapa hautatoka. Alitoboa bati akaukaza kwa bolti, akaziba kingo zote kwa gundi nyeusi ili vumbi wala maji yasipite chini yake. Sote tulimpongeza. Mzee Parsaoti alisema mwizi sasa itabidi aje na gereji nzima. Mtu aliyeibiwa hufunga mlango, na hakuna aliyeona ubaya wowote katika kufunga.

Lakini fikiria tulichokuwa tukibeba. Chama kilikuwa kikiwauzia wanachama magadi na chumvi ya ng'ombe, na magunia yalivuja. Maziwa yalimwagika. Ng'ombe hafundishwi adabu ya safari. Halafu zikaja mvua za El Nino mwishoni mwa 1997, na hakuna kitu kilichokauka kwa miezi. Chumvi, mkojo na maji vilipata njia kwenye matundu ya bolti na kwenye ule uungio wa katikati, vikaingia chini ya mkeka, na njia ya kutoka havikupata. Juu, mkeka ulipigwa maji ukang'aa. Chini, bati lilikuwa likiliwa.

Sasa lazima nimtaje Nzisa. Wengi wenu mnamjua kama mama wa maziwa mazuri kutoka upande wa Isinya. Wakati huo alikuwa mwanachama mpya, mjane, anafunga maua katika shamba moja la hapa karibu na kulea watoto katika ploti yake ndogo. Kwa miaka mingi alijinyima ili apate ng'ombe wa gredi. Katikati ya 1998 alimpata Kajiado, mtamba mwenye mimba, na akampa jina kabla hajatoka kwa muuzaji. Alimwita Mwende. Kwetu Ukambani hilo ni jina la mtu anayependwa.

Wanjala ndiye aliyekwenda kumbeba. Nzisa aliketi mbele, na njia nzima aligeuka kuangalia nyuma kupitia kioo, akisema, "Baba Simiyu, polepole," kwa jina la kifungua mimba wa Wanjala, kama tunavyomwita sisi akina mama wote hapa. Naye alikwenda polepole. Walikuwa wamepita Isinya, nyumbani kumekaribia, hakuna shimo wala mwendo kasi, waliposikia kishindo. Bati lilikuwa limemomonyoka chini ya ule uungio wa mkeka. Mguu wa nyuma wa Mwende ulipita katikati ya vipande viwili, ukaingia tunduni, na mwili wote ukauangukia.

Wachungaji waliokuwa wakivusha mifugo barabarani waliacha ng'ombe wao wakaja kusaidia. Waliutoa mguu kwa taratibu sana, lakini kila mtu aliyeuona alijua. Mtu wa bucha aliitwa kutoka Isinya. Nzisa alikaa chini barabarani akashika kichwa cha Mwende mpaka mwisho, na Wanjala akasimama kando yake, hana la kufanya.

Baadaye Wanjala alichukua spana, akalegeza bolti na kuinua mkeka. Bati lilikuja nao likiwa vipande vyekundu vinavyovunjika kama majani ya chai. Nzisa aliinuka akaja kuangalia. Hakupiga kelele. Hakumwita Baba Simiyu tena.

"Dereva, niko na swali moja tu," alisema. "Hapa ulikuwa unafunika nini?"

Wanjala aliniambia baadaye kwamba jibu la kweli lilikuwa kwamba hajui, na mtu anayebeba ng'ombe wa mjane hana ruhusa ya kutojua. Nimemsikia akilirudia swali hilo mara nyingi, akiwa peke yake chini ya gari, akidhani hakuna mtu.

Kamati ilikaa. Walikuwepo waliotaka afutwe kazi, na walikuwepo waliotaka kumlaumu mwizi wa mkeka wa kwanza, au mvua. Wanjala alipopewa nafasi alisema mwizi hakukaza bolti, na mvua haikupaka gundi. Mzee Parsaoti aliamua abaki. Nzisa alitafutiwa mtamba mwingine mwenye mimba kutoka kundi la mwanachama mmoja wa Kajiado. Alimpokea kwa shukrani, na alipoulizwa siku ya kubebewa, alisema hatabebewa. Ng'ombe wake hangepanda gari la chama tena. Angemleta kwa miguu.

Na kwa miguu wakaja, yeye na kaka yake, Muteti, wakimswaga mtamba pembeni mwa barabara ya Namanga, malori yakiwapita. Walilala kwa rafiki na kuendelea asubuhi. Wanjala aliomba ruhusa kazini, akawangoja Isinya na mtungi wa maji. Aliuweka mtungi chini. Ng'ombe akanywa. Nzisa akashukuru kwa niaba ya ng'ombe, akaendelea na safari bila kuonja.

Mwezi uliofuata Wanjala alituomba mimi na Nanjala tumsindikize kwake kuomba msamaha. Nzisa alitupokea vizuri, akatupikia muthokoi, akatujazia sahani mara mbili. Wanjala alisimama akasema yote, bila kujitetea, huku Nanjala akifuta macho kwa leso. Nzisa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kusamehe nimesamehe, hata Mungu anajua," alisema. "Lakini kupandisha, sitapandisha."

Tulipofika barabarani Wanjala alisema mama huyo amesema haki. Nami tangu siku hiyo nilijua alichokuwa akikitaka katika kazi hii. Hakutaka cheo wala cheti cha ukutani. Alitaka siku moja Nzisa apandishe ng'ombe.

Hapo ndipo ilipoanza ile desturi ambayo wageni huiona kama wazimu. Bodi ilichomelewa bati jipya na matundu ya kutolea maji yakafunguliwa. Mkeka mwingine ukakatwa, mwembamba kuliko ile ya kwanza ili mtu mmoja auweze, mara hii bila bolti hata moja, umeshikwa na kulabu nne za kufungua kwa mkono. Kila Jumamosi, maziwa yakishapokelewa, Wanjala aliuinua mkeka akauanika uani juu ya ua wa waya. Alifagia vumbi lililoingia chini, akaosha kwa sabuni, akapaka rangi palipokwaruzwa, akaacha bati lipigwe jua. Hakufanya hayo nyuma ya stoo. Alifanya mbele ya dirisha langu, mahali ambapo kila mwanachama lazima apite, ili anayetaka kuona aone.

Watu wakaanza kuona. Kisha wakaanza kugonga. Mwanachama aliyekuwa na mnyama wa kubebwa alilipiga bati kwa fimbo, akasikiliza, ndipo akapandisha. Wazee wa Kimaasai waliipenda sana desturi hii kwa kuwa fimbo wanayo tayari. Ikafika mahali Wanjala akakataa kuondoa gari kabla mwenye ng'ombe hajagonga, hata awe na haraka namna gani, hata awe mwenyekiti. Mkeka uliibwa tena mwaka 2001. Alikata mwingine, akasema afadhali mkeka uibwe kuliko bati lifichwe.

Siwezi kupita mwaka 2004 bila kucheka. Chama kilipata pikapu mpya, na ndani ya bodi yake mlikuwa na ganda la plastiki ngumu, jeusi, limeumbwa kufuata kila kona. Lilimeremeta. Kamati ilipigwa picha kando yake. Mzee Parsaoti, akiwa na viatu vyake vya mkutano, alipanda kulikagua, akachukua hatua moja, na mwenyekiti wetu akaketi bila kukaribishwa, mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Aliposhuka aliagiza mkeka wa mpira utandikwe juu ya plastiki jioni hiyo hiyo. Wanjala aliutandika, na tangu hapo kila Jumamosi akawa anatoa vyote viwili, mkeka na ganda, kwa sababu mchanga ukiingia chini ya plastiki husaga rangi kimya kimya, na maji yakikaa huko hayana haraka. Kazi ilikuwa mara mbili. Sikumsikia akilalamika, ingawa mgongo wake niliusikia.

Muda huo wote Nzisa alileta maziwa yake mwenyewe. Mwanzo kwa baiskeli, baadaye kwa mkokoteni wa punda, ingawa pikapu ilipita langoni kwake kila asubuhi. Ikifika hapo, Wanjala alipunguza mwendo. Lango halikufunguliwa, naye akaenda zake. Ng'ombe wa Nzisa wakazaa, wakaongezeka. Akitaka daktari wa mifugo, alimwita nyumbani. Akiuza dume, mnunuzi alikuja na gari lake. Hakuwahi kumsema vibaya Wanjala, na hakuna siku aliyompita bila kumsalimu: "Habari ya kazi, dereva?" Ni hivyo tu. Siku za Jumamosi alipita kando ya bodi iliyofunuliwa na shingo haikugeuka. Lakini mimi niko dirishani, naona nyuso. Macho yaligeuka.

Nilimuuliza Wanjala wakati mmoja kwa nini asiende kumbembeleza. Alinijibu kwamba mtu hubembelezwa akikataa chai.

Ukame wa mwaka huu hakuna anayehitaji kukumbushwa. Mizoga ilikuwa pembeni ya barabara ya Namanga kutoka hapa mpaka Kajiado, na sisi wa mapokezi tulikaa dirishani bila la kupima. Wanjala alisafirisha mifugo ya wanachama kwenda popote palipokuwa na nyasi, siku baada ya siku, na wengi walikuwa ng'ombe wasioweza kusimama. Bila mkeka chini yao wasingefika. Nzisa alikuwa amebakiwa na wawili, yule ng'ombe aliyemleta kwa miguu kutoka Kajiado, sasa mzee, na mtamba mmoja wa mwisho. Muteti, aliyehamia Gataka, kule Rongai, alikuwa na banda kando ya kijito na majani ya kutosha wawili. Shida ilikuwa kuwafikisha. Yule ng'ombe mzee hakuweza tena kutembea hata kufika langoni.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Septemba. Mkeka ulikuwa juu ya ua wa waya na plastiki imeegemea ukuta. Nzisa aliingia uani bila punda na bila maziwa. Hakunisalimu. Aliokota jiwe, akavua viatu, akapanda bodini, akapiga magoti.

Alianza kugonga kutoka mbele, chini ya kioo. Aligonga na kuinamisha sikio, akasogea kidogo, akagonga tena. Alizunguka matuta ya magurudumu. Aliingiza kidole katika kila tundu la maji. Wanachama waliokuwa wakigombania magunia ya majani makavu waliyaacha mmoja mmoja wakaja kuangalia. Mzee Parsaoti alivua kofia, sijui kwa nini. Wanjala alisimama pembeni na ufagio mkononi, akiangalia chini, kama mtoto anayesubiri kusomewa matokeo.

Nzisa alifika mlango wa nyuma, akagonga kona zote mbili, akashuka. Akapangusa magoti.

"Rudisha mkeka," alimwambia. "Twende tukachukue ng'ombe."

Wanjala alijaribu kuubeba peke yake. Kulabu hazikumtii, tukaenda kumsaidia, hata mimi na koti langu jeupe la maziwa. Nililichafua na silijutii.

Huko kwa Nzisa walimwinua yule ng'ombe mzee kwa magunia yaliyopitishwa chini ya tumbo, wakamlaza juu ya mkeka na majani makavu. Mtamba alipanda mwenyewe. Nzisa alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma, kichwa cha ng'ombe mapajani, na wakaenda kwa ile barabara ya vumbi ya Isinya kwenda Kiserian, polepole kiasi cha kupitwa na baiskeli. Walifika Gataka wote wakiwa hai.

Baada ya wiki moja yule ng'ombe mzee alikufa. Nguvu zilikuwa zimekwisha, na majani ya kijani yalikuja yamechelewa. Wanjala alikuwa ameketi ngazini pa stoo simu ilipolia, na ilikuwa ni Nzisa, ambaye hakuwahi kumpigia simu maishani mwake.

"Baba Simiyu, yule mkubwa amekufa," alimwambia. "Nimekupigia mimi mwenyewe, usisikie kwa watu. Si gari."

Alilia, na sitalificha hilo kwa sababu kamati imetaka uchangamfu. Alilia ngazini mchana kweupe, mwanamume wa miaka karibu sitini, na simu ikiwa bado sikioni ingawa Nzisa alikuwa ameshakata. Nilimletea chai. Hii aliinywa haraka.

Mengine ya utumishi wake ni marefu. Alibeba viti vya harusi zetu na majeneza ya wazazi wetu, na kote alitandika mkeka safi. Alinihamisha nyumba mara tatu na hajavunja kikombe. Aliwakatia mikeka walimu, wenye maduka ya dawa za mifugo, na kanisa lake, na kila aliyemkatia alimpa onyo lile lile kuhusu Jumamosi, wengine wakacheka na wengine wakasikia. Dereva mpya, Bi. Dolphine Achola, ameshaonyeshwa kulabu na ufagio, na amekubali. Mgongo wake ni mzima, namshukuru Mungu.

Mvua zimenyesha, na wiki iliyopita Nzisa aliomba mtamba wake arudishwe nyumbani. Ilikuwa safari ya mwisho ya Wanjala kubeba ng'ombe. Hii aliniambia mwenyewe, na kama hakutaka iandikwe, angemwambia mtu mwingine. Huko Gataka Nzisa aligonga bati mara moja tu, kwa kiganja, kama anayebisha hodi kwa jirani. Mtamba akapandishwa. Nzisa akaketi mbele.

Walipopita Isinya, Wanjala alipunguza mwendo mahali pale alipoanguka Mwende, kama anavyopunguza kila siku tangu 1998. Alikuwa na maneno ya kumwambia Nzisa. Alikuwa ameyapanga tangu Kiserian. Aligeuka ili aanze, akamkuta amelala fofofo, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, kitambaa kimeteleza. Akayaacha maneno yake, akaendesha mpaka langoni kwake, na hata hapo alikaa kitambo kabla ya kumwamsha.

Baba Simiyu, wote wa Enkiteng tunakushukuru. Msalimie Nanjala, na Mungu awape wingi wa siku huko Chwele, pamoja na mvua kwa kiasi. Na kila usiku utakapoweka kichwa chini, ulale kama alivyolala Nzisa garini mwako.